Kilele cha Debe

Sekela alisimama nje ya ua, mikono ameikunja kifuani, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi akabadili mawazo njiani.

"Ingia basi, chai ipo."

"Nimesimama tu, Mama Tuntufye. Napita."

"Unapita kwenda wapi? Njia inaishia kwangu."

Akacheka, halafu akajikaza. Na huyu ni Sekela! Miaka ishirini hajawahi kunipigia hodi. Alikuwa anaingilia mlango wa jikoni, anafunua sufuria, anaonja, anasema chumvi haijakolea, ndipo anakumbuka kunisalimia. Sasa alikuwa ananitazama juu ya mabati ya ua kama ninafuga mbwa mkali.

"Nimechoka kukusalimia kama hakimu," akasema. "Jana nilikuwa namwambia mume wangu, tangu mwaka ule ulipotoka ku..."

Bangili yake ikambana. Taa ya njano ikawaka. Sekela akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka.

"Sijasema!" akaiambia bangili. "Mama Tuntufye, sema! Nimesema kitu?"

"Hujasema. Ulikuwa unauliza nilipotoka kununua vitunguu."

"Vitunguu. Eeh. Vitunguu kabisa."

Taa ikarudi kijani. Akashusha pumzi mpaka mabega yakaanguka.

Woga wake ulikuwa na sababu. Wiki tatu kabla ya hapo, msibani, ulimi ulimteleza mbele ya watu, akataja kitu changu ambacho hakitajwi. Akafungiwa sauti siku saba. Anayedhani hiyo ni adhabu ndogo hajawahi kufungiwa. Mashine zote zinakuwa viziwi kwako. Sekela alisimama kwenye mlango wa basi pale Uyole akitaja jina lake mpaka koo likakauka, mlango haukufunguka. Akaenda zahanati kwa miguu, na goti lake lile bovu, na dirisha la zahanati nalo likamtazama kama ukuta. Wiki nzima mume wake ndiye aliyemsemea kila mlango, na mume wa Sekela, mtaa mzima unajua, ni mtu wa maneno manne kwa siku.

Yote hayo kwa sababu yangu.

"Nitakuja siku nyingine," akasema.

"Siku gani?"

Akageuka akashika njia. Nikarudi ndani na chupa yangu ya chai ya watu kumi na tano.

*

Sheria ya bodi za shule haina kona. Mwenye hatia kwenye kumbukumbu haketi kwenye bodi. Mlango mmoja tu umeachwa wazi, nao ni Sitara. Kama ulimaliza kifungo na miaka kumi ikapita bila kosa jingine, unakwenda ofisi ya kata, unaweka kidole gumba kwenye kioo, na kosa lako linafunikwa. Na wakisema kufunikwa hawamaanishi faili kabatini. Linafunikwa midomoni mwa watu. Bangili za wote zinaambiwa.

Binti wa ofisi ya kata, mwenye adabu zake, alinishika mkono kabla kidole hakijafika kwenye kioo.

"Shikamoo tena, mama. Naomba nikusomee kipengele cha tisa. Akitaja mtu mwingine, anafungiwa sauti. Ukitaja mwenyewe, sitara inachanika, na haishonwi mara ya pili. Cheo ulichopata kwa ajili yake kinaondoka saa hiyohiyo."

"Mwanangu, nani atataja aibu yake mwenyewe?"

Nikaweka kidole.

Mnielewe. Wazazi walikuwa wameninyooshea mikono ukumbi mzima niwe mwakilishi wao. Kila nyumba ya mtaa huu nimeipikia, harusi na misiba. Nilitaka kuingia ile shule kwa lango la mbele, nimevaa kitenge kipya, watoto wasimame waseme shikamoo. Miaka kumi nilikuwa napita barabara ya nyuma nisilione lile lango. Kiti kile nilikitaka kama mgonjwa anavyotaka maji.

Nikakipata. Sikujua kwamba kwa kidole kilekile nilikuwa nafunika na nyumba yangu. Wiki ya kwanza walikuja watu sita, wakakaa kwenye ukingo wa makochi, wakazungumzia mvua. Wiki ya pili wawili. Unadhani watu wangu wangezungumza nini na mimi? Kila hadithi ya mtaa huu, ukiivuta uzi, mahali fulani inanipitia mimi na mwaka ule. Wakaona heri kutokuja.

*

Zamu yangu ya kukagua chakula cha mchana ilikuwa Jumanne, baridi ya mwezi wa sita ile inayoingia mpaka kwenye meno. Nilipita katikati ya wanafunzi waliokaa kwenye majani na sahani zao. Ugali ulikuwepo. Maharage yalikuwa machache kiasi kwamba ungeweza kuyaita moja moja kwa majina, na mchuzi mwingi wa kutosha kunawa uso.

"Mmeshiba, wanangu?"

Wasichana wawili wakatazamana. "Tumekula, mama."

Mtoto aliyeshiba hasemi amekula. Nikaenda stoo.

Mtunza stoo, Bwana Gwakisa, ni mwanamume wa suruali iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kumbukumbu yake nyeupe tangu kuzaliwa. Juu ya kichwa chake, darini, lilining'inia Jicho, tufe jeusi la ukubwa wa chungwa, lenye sauti tamu ya msichana wa redioni. Kazi yake kuhesabu kinachoingia na kinachotoka.

Mzazi mmoja alikuwa analeta mchango wake wa muhula. Mtamjua tu alikuwa wa kwetu: alitua debe la maharage kutoka kichwani, akaona kilele kimepungua kwa kutikisika njiani, akatoa mengine kwenye pindo la kitenge akaongezea, akakandamiza kwa kiganja, akaongezea tena mpaka yakawa yanaporomoka pembeni. Kwetu hakuna mtu anayepeleka debe la kusawazisha kwenye chakula cha mtoto. Utauweka wapi uso?

"Debe moja limeingia," Jicho likasema.

Mzazi akaenda zake, amefurahi. Wapishi wakaja kuchukua maharage ya kesho. Gwakisa akachota debe lake kutoka kwenye pipa. Likajaa na kilele chake. Halafu akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa kipande cha mbao chembamba, akakipitisha juu ya mdomo wa debe. Shaa. Kilele chote kikarudi kwenye pipa.

"Debe moja limetoka," Jicho likasema.

Mkono wangu wa kulia ulisogea wenyewe. Ulikijua kitendo kile kabla macho hayajamaliza kuona. Miaka kumi na mbili iliyopita nilikuwa mpishi mkuu wa jiko hili, na ufunguo wa stoo hii ulikuwa unalala kwenye mkoba wangu. Kipande changu cha mbao nacho kilikaa nyuma ya mlango huuhuu.

Linaingia na kilele, linatoka bila kilele. Madebe matano, vilele vyake ni debe la sita, na hilo la sita halijulikani na mtu. Vijana walioliunda Jicho, huko mjini kwao, walilifundisha kwamba debe ni debe. Kiroba hawakulifundisha, kwa hiyo kilichobebwa kwa kiroba au kwa begi, kwake hakijatoka. Na mizani? Mizani iliwahi kuletwa, enzi hizo za upishi wangu. Sisi wenyewe wazazi tuliikataa, tukapiga kelele ukumbini kwamba kumpimia mzazi chakula cha mwanawe ni kumwita mwizi. Ikarudi ilikotoka kwenye boksi lake. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Mnajua sasa kwa nini.

"Mjumbe, kuna tatizo?" Gwakisa akauliza.

"Hiyo mbao ya nini?"

"Usafi tu." Akatabasamu. Kwenye kona, chini ya rafu, niliona begi la michezo limetuna, na mtu huyu hajawahi kupiga mpira. "Au mjumbe ana uzoefu wa mambo ya stoo? Tunaomba atueleze."

Bangili yake haikumbana. Hakuwa ametaja kitu. Ila alijua, na alijua kwamba siwezi.

*

Nilimfuata mwenyekiti wa bodi nyumbani kwake, Mzee Lwitiko, mwalimu mstaafu, mtu safi anayependa karatasi zake zikae pembe kwa pembe.

"Shikamoo, mwenyekiti. Watoto hawashibi."

"Marahaba. Ngoja tuulize." Akaongea na bangili, bangili ikaongea na Jicho, na ile sauti tamu ikajibu kwamba yaliyoingia na yaliyotoka hayapishani hata kwa debe moja. Mzee akafungua mikono. "Umesikia. Mama Tuntufye, Jicho halina shemeji hapa mtaani. Nini kinakufanya ufikirie hivyo?"

Nikafungua mdomo. Bangili yangu ikaanza kupata moto. Bangili ya mwenye sitara haibani, inachoma, taratibu, ili akumbuke kidole chake.

"Hisia tu," nikasema.

"Bodi haiendeshwi kwa hisia, mama."

Siku tatu nilikaa na jambo hilo nyumbani kwangu, peke yangu na makochi. Nilijitetea vizuri kuliko wakili yeyote. Nikisema, natoka kwenye bodi, na bodi inabaki na watu sita wasiojua tofauti ya debe na debe. Nikinyamaza, nabaki ndani. Muhula ujao nitaleta hoja ya mizani, polepole, kwa adabu, labda mwaka kesho wakubali. Ilikuwa hoja nzuri. Ila kila siku ya hiyo polepole ilikuwa na saa saba yake ya mchana, na sahani zake.

Na kulikuwa na lingine, la chini zaidi. Mahakama ilinifunga mwaka mmoja na nusu kwa magunia mawili waliyoyakuta chini ya kitanda changu. Hakuna aliyeniuliza yalipatikanaje, nami sikusema. Nilitumikia kifungo cha magunia, nikatoka na ile njia mfukoni. Ningeisema siku ile, Gwakisa angeikuta imeshakufa.

*

Mkutano wa wazazi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilikuja na toroli: gunia la maharage yangu mwenyewe, debe, beseni na kipande cha mbao.

"Mjumbe anataka kutupikia?" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakacheka.

"Nataka mnisaidie," nikasema. "Mama wawili waje hapa wanijazie debe, kama wanavyojaza la kuleta shuleni."

Wakaja, wakajaza, wakakandamiza, wakaongezea, mmoja akamwambia mwenzake kilele chako kimelala, wakaongezea tena. Nikapitisha mbao. Shaa. Kilele kikaanguka kwenye beseni. Nikamwaga debe pembeni, tukarudia. Mara ya tatu watu waliacha kucheka. Mara ya tano nikachukua beseni, nikalimimina kwenye debe tupu. Likajaa.

Watu wa madirishani wakanyoosha shingo.

"Hili," nikasema, "Jicho halijawahi kuliona. Waulizeni watoto kama wao wamewahi kuliona."

Gwakisa akasimama. Hakuwa na haraka. Akafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye suruali yake.

"Mchezo mzuri, mwenyekiti. Nina swali moja. Anayemtuhumu mwenzake lazima aseme amejuaje. Huo ndio utaratibu wetu. Mjumbe amejuaje?"

"Ni haki yake kuuliza," Mzee Lwitiko akasema, na alikuwa anasema kweli.

"Jibu basi!" ukumbi ukadai.

Bangili ikaanza kunichoma. Safu ya tatu, Sekela alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, mpaka kilemba kikamlegea. Nikakitazama kiti changu pale mbele. Kilikuwa na jina langu kwenye kibao. Nilikuwa nimekikalia mara nne.

"Nimejua kwa sababu nimeshaiba hivyohivyo," nikasema. "Stoo ileile, miaka miwili, nikiwa mpishi wenu. Nilifungwa kwa magunia mawili. Njia niliyoyapatia sikumwambia mtu mpaka leo. Bwana Gwakisa anapitisha mbao kama nilivyokuwa napitisha mimi, na vilele vinatoka kwenye begi la michezo kama vyangu vilivyotoka kwenye kapu la nguo. Nimejua hivyo."

Bangili ikachoma mara ya mwisho, ikapoa. Sauti ikasikika mikononi mwa watu wote kwa pamoja, ukumbi mzima: "Sitara imechanika. Imechanwa na mwenyewe. Ujumbe wa bodi umekoma saa nne na dakika kumi na mbili."

Kibao chenye jina langu kikazimika.

Nikabaki nimesimama na mbao mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kulia, ila machozi hayakuja. Kilichokuja ni pumzi, ndefu, ya kutoka chini kabisa. Nikagundua kwamba tangu siku ya kidole nilikuwa napumulia juu juu.

Safu ya tatu mkono ukanyanyuka.

"Mwenyekiti," Sekela akasema. "Naomba kuuliza. Sasa inaruhusiwa?"

Mzee Lwitiko akaitazama bangili yake, akaigeuza, akaitazama tena. "Inaruhusiwa."

"Mungu wangu, asante! Nilikuwa napasuka!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wa madirishani wakashikana wasianguke. Kila mtu alikuwa anamwambia jirani yake kitu alichokiweka miezi miwili.

"Msicheke!"

Alikuwa Mzee Asajile, fundi baiskeli, mtu asiyepaza sauti. Ukumbi ukatulia safu kwa safu.

"Wanangu wawili walisoma hapa miaka hiyo. Walikuwa wanarudi nyumbani na njaa, nami nawapiga, nawaambia ni walafi." Akaninyooshea kidole, na kidole kilikuwa na grisi. "Walikuwa wanakula mabaki yako wewe."

"Ni kweli, mzee," nikasema.

"Sitaki arudi kwenye bodi."

"Hawezi kurudi," mwenyekiti akasema. "Sheria imeshasema."

"Vizuri." Hakukaa. "Ila nataka asimame pale stooni. Kila wanapopima. Kwa sababu sisi wote hapa tumeangalia debe miaka yote hatukuona kitu, na yeye ameona kwa siku moja. Asimame aangalie debe. Na mimi nitasimama nimwangalie yeye."

Mzee Lwitiko akauliza bangili kama mwenye hatia anaruhusiwa kusimama karibu na debe la shule. Bangili ikafikiri muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nafasi hiyo haipo kwenye kumbukumbu," ikasema.

"Kama haipo haijakatazwa," akasema mwalimu mstaafu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaacha karatasi zake zikae upande. "Wanaokubali?"

Sikuihesabu mikono. Niliona tu haikuacha nafasi ya kuona ukuta. Mizani nayo ikapitishwa palepale. Kelele za kuikataa zilikuwa zangu zamani, na leo sikuwa nazo. Gwakisa aliombwa ufunguo na begi. Ufunguo aliutoa haraka. Begi lilichukua muda.

*

Saa kumi jioni mlango wangu wa jikoni ukafunguliwa bila hodi. Sekela akapita moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, akafunua, akaonja.

"Chumvi haijakolea."

"Karibu, Sekela."

"Nimeshakaribia. Wenzangu wako nyuma, teleka maji."

Wakaja. Wakajaza makochi, wakajaza mikeka, wakakalia ndoo, mmoja akakalia gunia nililorudi nalo. Vikombe vikaisha tukanywea kwenye bakuli. Sekela akawa amesimama katikati ya sebule yangu, kilemba upande, anawasimulia akina mama wa mtaa wa pili waliohamia juzijuzi.

"Basi polisi wakafunua kitanda. Magunia matano! Wakaita lori..."

"Mawili," nikasema kutoka jikoni. "Na ilikuwa baiskeli."

"Mawili, matano, maharage si maharage? Usiniharibie."

Nikaitazama bangili yangu. Kijani, baridi kama kijiko. Aibu yangu ilikuwa inapita sebuleni mkono kwa mkono pamoja na bakuli la sukari, na nilikuwa nimeikumbuka nyumba hii ikiwa na watu, mno kiasi kwamba haikuniuma.

Nje ya ua nikaona kofia ya Mzee Asajile. Nikatoka.

"Karibu chai, mzee."

"Sijaja kunywa chai." Akatazama vikombe vilivyojaa barazani, akatazama pembeni. "Jumatatu saa mbili wanapima. Usichelewe."

"Sitachelewa."

Akaenda zake. Sikumdai zaidi ya hapo. Ile saa mbili ilinitosha.

Niliporudi ndani, wageni wengine wawili walikuwa wanavua viatu mlangoni, wanauliza wamekosa nini. Nikamwambia Sekela aanze upya, na safari hii aanzie mwanzo kabisa, asiruke kitu.